Siku Nilipompokea Mgeni kwa Zoezi la Saba

Aibu hii nataka niiseme mwenyewe, maana huku kwetu Magamba imeshasimuliwa mpaka imebadilika sura, kuna wanaosema nilihubiri kwa Kiingereza na kuna wanaosema nilizimia madhabahuni, na yote mawili si kweli. Kweli ni kwamba nilisimama mbele ya usharika mzima kumtafsiria mgeni kutoka Ulaya, mimi Mama Eliwaza, mwanamke wa darasa la saba, mkulima wa maharage na kabichi, ambaye Kiingereza changu chote ni kujua ndiyo na hapana (na hapana yenyewe sikuitumia ilipotakiwa, ndiyo maana yakanikuta).

Ili mnielewe lazima nianze na simu.

Eliwaza alikuwa mtoto wangu wa pekee. Baba yake alitutoka binti akiwa hajaanza shule, kwa hiyo tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba. Alifariki mwaka jana, wiki mbili kabla ya kwenda chuo cha hoteli. Ugonjwa sitauelezea, ulikuwa mfupi. Chuoni walikuwa wamemwambia kwamba siku ya kwanza kutakuwa na jaribio la kusikiliza Kiingereza: wanawasha sauti, watu wawili wanazungumza, labda wako dukani, labda maktaba, labda kwa daktari, kisha unaulizwa walisema nini. Kusoma kwenye daftari alijua, tatizo lilikuwa kusikia. Alikuwa anasema, "Mama, macho yangu yamesoma lakini masikio yangu bado yako shambani." Na kwa kuwa hapa nyumbani hakukuwa na wa kuzungumza naye, akajitungia watu. Alichukua simu yangu ya batani akajifungia chumbani, akarekodi mazungumzo aliyoyaandika mwenyewe, sauti nyembamba ni mwanafunzi na sauti nzito ni mwenye duka, au daktari, au matroni. Alifikisha mazoezi kumi na mawili. Kabla ya kila zoezi anatangaza kwa Kiswahili, kwa madaha ya mwalimu wa redioni: "Zoezi la tatu. Mwanafunzi yuko maktaba. Sikiliza kwa makini." Halafu kinakuja Kiingereza. Halafu maswali matatu, na baada ya kila swali ananyamaza muda fulani, kisha anasema "veri gudi" na kuendelea.

Picha zake ninazo tatu. Sauti yake iko humo tu.

Nikawa nasikiliza. Nikipalilia nasikiliza, nikipika nasikiliza, na kwa kuwa sikuelewa maneno nikawa naisikiliza sauti yenyewe, na zaidi ya sauti nilipenda ule ukimya baada ya maswali, maana mle ndani ya ukimya kuna mambo. Kuna mvua juu ya bati letu. Kuna kuku wanagombana. Mwanzoni nilidhani ananyamaza ili apumzike.

Sasa, sisi wa zamani tulisoma kipaimara kwa mwinjilisti mmoja mkali sana, swali na jibu, swali na jibu, na ukikosea neno moja unarudi mwanzo. Tulikariri kwanza, kuelewa kulikuja baadaye, na kwingine mimi hakujaja mpaka leo. Hiyo ndiyo namna niliyofundishwa kushika jambo, sijui nyingine. Kwa hiyo mazoezi ya Eliwaza nikayashika hivyo hivyo, yote, sauti nyembamba na sauti nzito, pamoja na maswali, pamoja na kunyamaza, pamoja na veri gudi. Nilikuwa naweza kulitoa zoezi zima bila kukosea, nikiwa nimeinama kwenye maharage, wala sijui nimesema nini.

Aliyeniwekea mpaka alikuwa shemeji yangu Yohana, mdogo wake baba Eliwaza. Baada ya mwaka wa msiba alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Shemeji, nguo za marehemu tumegawa, kila kitu kimekwisha. Lakini nasikia ipo sauti."

"Ipo."

"Sauti ya mtu tuliyemzika haitakiwi kupigwa kila siku kama redio. Itakumaliza. Ukiendelea, nitaichukua hiyo kadi ya simu yenye sauti niitunze mimi."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha, maana mtu mkali unaweza kubishana naye. Nikamwambia nimeacha. Huo ulikuwa uongo, nauandika kama ulivyo. Nilichofanya ni kununua zile nyaya za masikioni, nikawa nazipitisha ndani ya gauni na kuzifunika na kilemba, nikaendelea.

Ila masikio niliyaficha na mdomo nikausahau. Siku moja Mama Tumaini, jirani yangu, alikuwa anapita juu ya shamba na mzigo wa majani ya ng'ombe, akanisikia. Yeye kwa hisani yake akawaambia watu wa jumuiya kwamba Mama Eliwaza anaongea Kiingereza kirefu, tena anauliza, ananyamaza kumsikiliza mtu, halafu anamjibu. Haikupita wiki Mzee Kaniki, mzee wa kanisa, akaja mpaka kwenye ua wa shamba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama, tumekaa na hazina hatuijui? Kumbe Kiingereza unacho?"

Nikaangalia jembe. Ningemwambia ni mazoezi ya marehemu yaliyo kwenye simu, habari ingefika kwa Yohana kabla jua halijazama na kadi ingeondoka. Ningemwambia hapana, angeuliza Mama Tumaini alisikia nini. Basi nikatikisa kichwa kukubali. Mara moja tu, na kidogo. Ninyi mnaosoma, kama mtakumbuka kitu kimoja hapa, kumbukeni kichwa hicho kilivyotikisika, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo.

"Vizuri," akasema. "Jumapili anakuja mgeni wa usharika rafiki. Mwalimu Shemdoe ndiye atakayetafsiri, wewe utakuwa wa akiba. Kaa karibu tu, upendeze."

Nikajiambia wa akiba hana kazi. Mwalimu Shemdoe anafundisha sekondari, hajawahi kuchelewa ibada tangu nimfahamu.

Jumapili ilikuwa na ukungu mzito, wa kugusa uso. Nimevaa kitenge changu kizuri, simu mfukoni, nyaya ndani ya gauni (alfajiri nilikuwa nimesikiliza zoezi la saba, nikalisimamisha mwanzoni kabisa, nikasahau kuchomoa). Gari la mgeni likafika. Mwalimu Shemdoe hayupo. Wakapiga simu yake, haipatikani. Baadaye tulijua bodaboda iliyombeba ilipata pancha kwenye kona za huko chini, akawa anapanda mlima kwa miguu na viatu vyake vya ibada.

Mgeni alikuwa mama mrefu wa nywele nyeupe, kwao alikuwa mwalimu kabla ya kustaafu. Akasimama getini anatabasamu, sisi tumejipanga, kila mtu anamwangalia mwenzake.

Mzee Kaniki akanisukuma kiwiko. "Mpokee."

Nilifikiri haraka sana. Ninayo mazoezi kumi na mawili. La dukani halifai, la daktari halifai. La saba ni mwanafunzi mpya anafika hosteli na matroni anampokea, na nikaona mgeni ni mgeni, awe wa hosteli au wa kanisa. Nikavuta pumzi nikaanza. Lakini mtu aliyekariri hawezi kuchagua mstari, lazima aanze mwanzo na aende mpaka mwisho, kwa hiyo nilimpokea kwa sauti nzito ya matroni kisha nikajijibu kwa sauti nyembamba ya mwanafunzi, nzito, nyembamba, nzito, nyembamba. Yule mama mara ya kwanza alitaka kujibu, nikampita. Mara ya pili pia. Akaona bora anyamaze asikilize, kichwa ameinamisha upande. Nilipomaliza nikamuuliza swali la kwanza, nikanyamaza muda ule ule anaonyamaza Eliwaza. Mgeni akajibu kitu. Nikamwambia, kwa uso wa yule mwinjilisti wangu, "Veri gudi."

Akacheka mpaka akanishika bega. Kengele ikalia, tukaingia ndani.

"Wameelewana," nilisikia mtu akisema nyuma.

"Si niliwaambia?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Tumaini.

Ibada ikaenda mpaka saa ya mgeni kutoa salamu. Mchungaji akamwita mbele, Mzee Kaniki akanipa kipaza sauti cha pili. Mgeni akasema maneno machache.

"Anawasalimu," nikasema.

Watu wakaitikia vizuri. Mgeni akasema tena, sasa kwa kirefu, mkono wake ukionyesha milima nje ya dirisha.

"Anasema anawasalimu sana."

Wasichana wa sekondari, benchi la tatu, wakainama wote kwa pamoja kama wanaosali. Mabega yao yalikuwa yanatikisika. Mgeni akaendelea, na safari hii sauti yake ikashuka, akaweka mkono kifuani, akasema kitu kirefu, polepole, na macho yake yakawa yananiangalia mimi. Hata mtu asiyejua neno angeona hizo si salamu. Kanisa linanisubiri.

Mzee Kaniki akanong'ona, "Anasemaje?"

"Bado anawasalimu," nikanong'ona, na nikajisikia nikiyasema hayo, hatua mbili kutoka madhabahuni. Kudanganya jikoni ni vibaya. Pale sikuweza.

Nikainua kipaza sauti nikasema, "Ndugu zangu, sijui anachosema. Sijui Kiingereza. Nisameheni."

Jasho lilikuwa linaniingia machoni, nikapeleka mkono mfukoni kutafuta leso, na leso ilikuwa imejiviringisha kwenye ule waya. Nikaivuta. Waya ukachomoka, simu ikatoka mfukoni pamoja na leso, kidole kikagusa batani ya katikati. Mnazijua simu hizi za batani zinavyopiga kelele ukizichomoa waya. Na mkono wa pili ulikuwa umeshika kipaza sauti.

"Zoezi la saba," alisema Eliwaza. "Mwanafunzi mpya anafika hosteli. Sikiliza kwa makini."

Ilitoka kwenye spika za ndani na kwenye zile za juu ya paa zinazosikika mpaka msituni. Eliwaza alikuwa ameimba kwaya ya vijana miaka minne, hakuna mtu mle ndani asiyeijua sauti hiyo. Mwanakwaya mmoja akafunga kitabu chake. Mchungaji alikuwa ameanza kuinuka, akakaa. Mimi kidole kilitafuta batani ya kuzima na kiliipata, nawaambia ukweli, kiliipata kabisa, kikakataa kubonyeza.

Upande wa wanaume nikamwona Yohana amesimama. Nikaibana simu kifuani na kipaza sauti pamoja, nikamwangalia, nikangoja aje aichukue. Nilijua imekwisha. Hakuja. Alisimama pale pale, kofia mkononi, na matroni na mwanafunzi wakaendelea kuzungumza juu ya vichwa vyetu, nzito, nyembamba, mpaka mwisho.

"Sasa jibu maswali," akasema binti yangu. Akauliza la kwanza. Kisha ule ukimya, na mle ndani yake ikasikika mvua ya siku nyingine kabisa, inanyesha juu ya bati letu, kanisani kukiwa kukavu.

"Veri gudi."

Akauliza la pili. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nywele zinanisimama. Yule mama mgeni alikuwa amelitambua zoezi, si nilikuwa nimemtolea lote getini. Akapiga hatua moja, akainama kwenye mkono wangu, karibu na simu, akajibu. Kwa adabu, kama anavyojibiwa mtu aliyeko.

"Veri gudi," Eliwaza akamwambia.

Mwaka mzima nilikuwa namsikiliza mwanangu akiuliza na haikuwahi kunijia akilini kwamba ule ukimya ulikuwa nafasi ya mtu. Alikuwa ameacha mlango wazi, kila swali, na mimi nilikuwa nakaa nje nasikiliza mvua.

Swali la tatu. Na kwenye ukimya wa tatu ninafahamu kuna nini, nilitamani kuuziba kwa mkono, lakini nilikuwa nimechelewa: ni sauti yangu mwenyewe, kutoka uani, kwa Kishambaa, kwa nguvu ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde, namwita Eliwaza atoke kwani kuni zinalowa na yeye amejifungia ndani anaongea peke yake kama kichaa. Kanisa zima likacheka, na wanaocheka wakawa wanajifuta macho. Katikati ya kicheko hicho mgeni akainama tena, akasema maneno mawili tu, huku ananitazama.

"Veri gudi. Mwisho wa zoezi," akasema Eliwaza, na simu ikanyamaza.

Mchungaji hakuhubiri juu ya jambo hilo, namshukuru. Alisema tu tuimbe.

Mwalimu Shemdoe aliingia wimbo wa mwisho, matope mpaka magotini. Nje, baada ya ibada, mgeni akamshika mkono akamleta kwangu. Nikamwomba Mwalimu kwanza aniambie yale maneno marefu ya mkono kifuani, ambayo niliwaambia watu ni salamu. Mwalimu akamuuliza, akasikiliza, akakohoa kidogo.

"Alikuwa anaomba radhi," akasema. "Anasema anaona aibu kusimama mbele ya watu ambao haelewi lugha yao, na kwamba wewe ndiye uliyempa moyo, maana amepokewa nchi nyingi lakini hajawahi kupewa mtihani getini."

Kisha nikamwomba jambo la pili, nikaiwasha simu, zoezi la saba, na Mwalimu akaliweka kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Nyuma yetu watu walikuwa wamejaa, hakuna aliyekwenda nyumbani.

Hapa niwarudishe nyuma kidogo. Mimi na Eliwaza tuligombana mara moja tu kuhusu safari ya chuo, na tuligombania sweta. Sweta la kijani la vifungo, nililomnunulia mtumba sokoni Lushoto. Mimi nasema libebe, yeye anasema atafanana na mtoto wa chekechea. Baada ya mazishi nilifungua begi lake alilolipanga kwa mikono yake, sweta halimo. Lilikuwa nyuma ya mlango, kwenye msumari, na nguo zilipogawiwa sikulitoa. Nilichukulia kwamba aliondoka bado amekasirika, na jambo hilo sikumwambia mtu.

"Mwanafunzi anafika hosteli anatetemeka," Mwalimu akasema. "Matroni anamuuliza mbona huna sweta. Anasema, mama yangu aliniambia nibebe, nikakataa, nililiacha nyuma ya mlango. Anaomba apige simu nyumbani ili mama yake alitume na basi." Akaisikiliza simu tena. "Swali la tatu ni: kuhusu sweta, nani alikuwa sahihi?"

Neno sweta nilikuwa nalisikia humo siku zote, nikadhani hosteli wanauza masweta. Na hilo neno maza nikadhani ndiyo matroni.

"Na mgeni alijibu nini?" nikauliza, ingawa nilishajua. Mwalimu akamuuliza mgeni.

"Mama yake."

Nililikariri zoezi hilo mwaka mzima, Mungu ananiona, nikiwa nimeinama kwenye maharage.

Watu walipotawanyika Yohana akabaki. Akaja akasimama mbele yangu anaangalia viatu.

"Shemeji, uliniambia umeacha."

"Nilikudanganya."

Akanyoosha mkono. Nikampa simu, maana nilikuwa nimechoka kuficha. Hakufungua kuitoa kadi. Aliizungusha zungusha, akaigeuza.

"Pale unapomwita kuhusu kuni," akasema. "Inabonyezwa wapi?"

Nikamwonyesha. Akaiweka sikioni akageukia ukuta wa kanisa, akasikiliza, akarudia, akasikiliza. Alipogeuka aliirudisha mkononi mwangu, akasema, "Chaji inaisha hii. Usiiache ikazima," akaondoka.

Tangu siku hiyo wale wasichana wa benchi la tatu huja Jumamosi na madaftari yao (waliniomba radhi kwa kucheka, nikawaambia hata mimi ningecheka). Tunaweka simu juu ya meza, wanasikiliza, na kwenye ukimya wanajibu, mmoja mmoja. Wakikosea, Eliwaza anawaambia veri gudi vile vile, hana upendeleo. Mgeni alirudi kwao, alituma barua fupi, Mwalimu alinisomea.

Na mimi nimeapa kwamba mtu akiniuliza kama najua kitu, kichwa changu hakitatikisika tena kabla mdomo haujasema. Mzee Kaniki aliniuliza juzi kama najua kutumia ile mashine mpya ya kutolea nakala ofisini, nikamwambia baba, sijui, wala usinisogeze karibu nayo.

Kiingereza bado sina. Ninalo jibu moja tu. Asubuhi za ukungu navaa lile sweta la kijani, linanibana mikononi, nashuka nalo shambani, naweka zoezi la saba bila waya, wazi, anayepita asikie. Likifika swali la tatu nasimamisha jembe, nangoja nimalize kumwita kwa ajili ya kuni, kisha namjibu, "Ha maza," na yeye ananiambia nimepata.